Unyunyu wa nchi kavu: kuchagua na kujitia marashi yanayofanana na tabia yako ukiwa Dodoma

Chupa ileile iliyokuwa ikinukia mchana kutwa Kariakoo, ikipanda Dodoma inaweza kukata kabla ya saa nne asubuhi. Wenye chupa hukimbilia kusema wameuziwa feki. Wakati mwingine ni kweli, ila mara nyingi kilichobadilika ni hewa. Pwani ngozi ina unyevu muda wote, na harufu huelea jirani na mwili. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya Desemba hadi Aprili tu, na miezi inayobaki hewa ni kavu, vumbi linatembea na watu wanapauka. Marashi hushikwa na mafuta ya ngozi. Yasipoyakuta, yanaondoka na upepo.

Kuhusu tabia, swali linaloulizwa sana madukani ni hili: mtu wa aina yangu anafaa marashi gani? Chupa haijui tabia ya mtu. Watu unaokutana nao, hata hivyo, husoma mambo matatu bila wao wenyewe kujua: harufu yako inafika umbali gani, inakaa muda gani, na kama leo unanukia kama ulivyonukia juzi. Anayesikika kabla hajafika mlangoni ataitwa mwenye makeke hata kama ni mpole. Anayebadilisha harufu kila siku ataonekana hajatulia. Mambo hayo matatu yote unaweza kuyapima na kuyarekebisha, na kazi inaanzia kwenye ngozi.

Ngozi kwanza

Ukitoka kuoga, jikaushe kwa kugusagusa taulo. Ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na ubichi wa maji, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kiasi cha punje moja ya harage kinatosha shingo, kifua cha juu na ndani ya viwiko vyote viwili. Subiri dakika tano ndipo upulize. Hatua hii peke yake, kwa mtu anayepauka, huongeza muda wa marashi kukaa, na ni nafuu kuliko kununua chupa nyingine.

Mafuta yenye harufu yake mwenyewe yatagombana na marashi. Losheni ya kakao chini ya marashi ya ndimu hutoa harufu ya pipi iliyosahauliwa mfukoni. Kama huna losheni isiyo na harufu, chagua marashi ya mwelekeo uleule: kakao na vanila huelewana, losheni ya maua na waridi huelewana.

Maji nayo yana neno. Mtaa ambao maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na utando wake hubaki mwilini. Marashi yakitua juu ya utando huo huwa na ukali fulani wa sabuni ya kufulia. Jisuuze mara mbili, na kama nyumbani mnakinga maji ya mvua, tumia kopo moja la mwisho kujimwagia.

Kwapa ni habari nyingine kabisa. Marashi hayafuti kikwapa, yanakipa nguo mpya tu. Tumia shabu: lowesha kipande, sugua kwenye kwapa lililooshwa, acha likauke lenyewe. Usipake ndimu kwapani wala shingoni kama wengine wanavyoshauri. Maji ya ndimu yakikutana na jua kali hubabua ngozi na kuacha mabaka meusi yanayoweza kukaa miezi. Mafuta ya bergamoti, aina ya chungwa inayotiwa kwenye marashi mengi mepesi, yana kemikali za jamii hiyohiyo. Viwanda vingi siku hizi huzipunguza, lakini kwa marashi uliyochanganya mwenyewe, puliza sehemu inayofunikwa na nguo.

Kusoma chupa

Maneno ya Kifaransa yaliyo chini ya jina la marashi yanaeleza wingi wa mafuta ya harufu ndani ya spiriti. Eau de Cologne huwa na asilimia 2 hadi 5. Eau de Toilette 5 hadi 15. Eau de Parfum 15 hadi 20. Ile inayoandikwa Parfum au Extrait huanzia kama 20 na kupanda. Mipaka hii ni desturi, kila kiwanda kina mkono wake.

Hapa ndipo wengi hupotea: wanadhani asilimia kubwa ni kelele kubwa. Spiriti ndiyo inayoirusha harufu hewani. Ikiwa nyingi, marashi yanaanza kwa kishindo na kuisha mapema. Mafuta yakiwa mengi, harufu inakaa karibu na mwili na kwenda taratibu. Kwa hiyo mtu mkimya anayeogopa Extrait na kukimbilia Eau de Toilette amefanya kinyume cha alichotaka.

Marashi yoyote yaliyotungwa vizuri yana mwanzo, kati na mwisho. Mwanzo ni ndimu, machungwa, mnanaa: dakika 10 hadi 30. Kati ni waridi, asmini, lavenda, iliki: saa mbili hadi nne. Mwisho ni sandali, udi, miski, vanila, ambari: siku iliyobaki, na kesho yake kwenye kola. Kwenye ukavu wa Septemba ule mwanzo unaweza kuisha kabla bajaji haijafika stendi. Anayenunua kwa kunusa kifuniko dukani ananunua kitu kitakachokaa dakika kumi. Dodoma utajulikana kwa mwisho wa marashi yako, basi yachague kwa mwisho wake.

Tabia na harufu zake

Mtu mkimya, msikilizaji, ambaye kazi yake inamkalisha karibu na wengine. Karani, mwalimu, mtumishi aliyepangiwa ofisi ya watu wanne kule Mji wa Serikali, Mtumba. Huyu anafaa miski nyeupe, sandali, waridi jepesi au harufu ya majani ya chai. Lengo ni harufu inayofika urefu wa mkono: anayekupa faili aisikie, aliye meza ya pili asiisikie. Tahadhari moja. Baadhi ya molekuli za miski za kiwandani hazisikiwi kabisa na pua za watu fulani, bila ugonjwa wowote. Unaweza kudhani chupa ni maji ukaongeza mpulizo wa tatu na wa nne, kumbe wenzako wamefungua madirisha. Kabla ya kuongeza, uliza pua nyingine.

Mchangamfu, mtu wa watu, mshereheshaji, dalali, mgombea: mkono wake huenda moja kwa moja kwenye chupa tamu na nzito kuliko zote. Tunashauri kinyume. Huyu tayari sauti yake imejaa chumbani, harufu nzito juu yake inakuwa ngoma mbili kwa wakati mmoja. Mpe balungi, tangawizi, iliki, na chini yake mti mkavu kama vetiva, harufu ya mizizi na udongo. Inaanza kwa furaha, inaisha kwa utulivu, na watu wanamkumbuka bila kuumwa kichwa.

Mtu wa utaratibu, shati limepigwa pasi, anafika dakika kumi kabla. Harufu yake ni ya usafi, ile ya kinyozi: lavenda, mnanaa, na kumarini. Kumarini ndiyo harufu ya nyasi zilizokauka juani, na aliyekulia kwenye malisho ya Ugogo atakuwa anaijua tangu utotoni bila kujua jina lake. Familia hii ya marashi ilipata jina lake, fougère, kutokana na Fougère Royale, marashi ya nyumba ya Houbigant ya Ufaransa yaliyotoka 1882, na hadi leo chupa nyingi zinazoandikwa za wanaume ni wajukuu zake. Kama unapenda usafi wenye ndimu zaidi, Eau Sauvage ya Dior ya 1966 bado ni kipimo kizuri cha kunusia ili ujue mwelekeo, hata kama huna mpango wa kuinunua.

Mpenda sherehe na mila ana utajiri mkubwa zaidi. Udi, waridi, zafarani, ambari, karafuu. Wapwani walikuja na haya, Kondoa yamezoeleka, na siku ya harusi au Idi mji mzima huyasikia. Kwake uturi wa mafuta unashinda chupa ya kupuliza, kwa sababu mafuta hayarushwi haraka na upepo wetu. Kipimo ni tone. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Matone mawili yanatosha siku: moja nyuma ya masikio yote mawili, jingine ndani ya viwiko. Matone sita ni ya bwana harusi, na hata yeye apewe manne. Wapo pia wanaochagua uturi kwa sababu za dini, kwa kuwa hauna spiriti. Muulize muuzaji moja kwa moja, maana uturi mwingine mtaani umechanganywa.

Halafu kuna wapenda utamu: vanila, karameli, chokoleti. Mlango huu ulifunguliwa kwa nguvu na Angel ya Mugler mwaka 1992, na tangu hapo haujafungwa. Utamu una bahati mbaya ya hali ya hewa. Usiku wa Juni na Julai, joto likishuka chini ya nyuzi 15 na watu wamevaa masweta, vanila ni blanketi. Novemba saa nane mchana, jua likiwa limepita nyuzi 30, harufu hiyohiyo inakuwa kama sharubati iliyomwagika kwenye kiti cha gari. Anayeupenda asiuache, aubadilishie saa tu: jioni na usiku, na mchana atumie ndugu yake mwepesi mwenye vanila kidogo chini ya chungwa.

Asiyependa marashi kabisa naye ana tabia yake, na asilazimishwe. Karafuu kavu 15 kwenye kitambaa kidogo cha pamba, ndani ya kabati la nguo, humpa harufu safi isiyo na jina. Zibadilishe kila miezi mitatu.

Kuhusu maandishi ya kiume na ya kike kwenye boksi: yapite. Waridi na asmini zimepakwa na wanaume wa Arabuni na wa mwambao vizazi kwa vizazi, na CK One ya 1994 iliuzwa kwa wote tangu siku ya kwanza. Ngozi haina habari na boksi.

Kujaribu kabla ya kulipa

Nenda asubuhi, usiwe umejitia kitu chochote, na usiwe umetoka kula chipsi. Nusa karatasi tatu zilizopuliziwa marashi, usizidishe. Andika jina kwenye kila karatasi, kwa sababu ukifika ya tatu utakuwa umesahau ya kwanza. Ipunge karatasi sekunde 30 spiriti itoke, ndipo uisogeze puani. Wauzaji wengine watakupa kopo la buni ulinuse ili pua ipumzike. Haina haja. Nusa mkono wa shati lako mwenyewe, au toka nje vuta hewa.

Kati ya tatu, chagua mbili na uzipulize kwenye ngozi, moja kila mkono, kwenye kiwiko kwa ndani. Kisha ondoka dukani. Hili ndilo linalowashinda watu. Tembea hadi Nyerere Square, kaa, kunywa maji, fanya shughuli zako za mjini. Nusa baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, baada ya saa nne. Ile utakayojikuta unairudia kuinusa bila kukusudia ndiyo yako, na mara nyingi siyo ile uliyoipenda dukani.

Kama muuzaji anapima kidogokidogo, chukua mililita 3 hadi 5 na uziishi siku tatu: moja ya kazini, moja ya nyumbani, moja ya safari. Muulize mtu mmoja wa nyumbani, yuleyule siku zote: umenisikia nikiwa mlangoni, au mpaka nilipokaa? Jibu lake ndilo kipimo chako cha umbali. Pua yako haiwezi kukupa jibu hilo, kwa kuwa huzoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kuitangaza. Wale tunaowaita wajivuni wa unyunyu wengi wao ni watu ambao pua zimezoea, wakaongeza, zikazoea tena, wakaongeza tena.

Marashi ya kupima na kuchanganya mwenyewe

Maduka mengi hupima mafuta ya harufu kwa mililita na kuongeza spiriti mbele yako. Hakuna ubaya, ukijua unachokiomba. Kwa chupa ya mililita 30 kwa hewa ya Dodoma, omba mafuta mililita 6 na spiriti mililita 24, yaani asilimia 20. Kwa chupa ya 50, mafuta 10 na spiriti 40. Muuzaji akitia mafuta 3 kwenye chupa ya 30 amekupa asilimia 10. Itanukia sana pale mezani na kufa ukiwa njiani.

Ukifanya nyumbani, pata bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, chupa ya kioo iliyooshwa na kukauka kabisa, na spiriti safi, yaani ethanoli ya asilimia 95 au 96 ya kutengenezea marashi. Spiriti yenye rangi, ile ya kuwashia majiko, usiiguse: huwekwa methanoli, ambayo ni sumu na hupenya ngozi. Fanya kazi mbali na jiko, mshumaa na sigara, maana mvuke wa ethanoli hushika moto upesi.

Tia mafuta kwanza, ndipo spiriti, polepole. Funga, tikisa kwa upole, weka gizani pasipo joto wiki mbili, ikiwezekana nne. Tikisa mara moja kila siku wiki ya kwanza. Siku za mwanzo harufu itakuwa kali na yenye kuchoma puani. Usiihukumu.

Yakienda mrama huwa ni hivi. Ukungu mweupe ndani ya chupa: spiriti ina maji, au chupa haikukauka. Iweke kwenye friji usiku kucha, kisha ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa ikiwa bado baridi. Matone ya mafuta yanayotembea chini: mafuta yametiwa kimiminika kisichoyeyuka kwenye ethanoli, na hapo hakuna dawa, yatumie kama uturi. Kichwa cha kupulizia kinaziba: udi na ambari nzito huganda, ondoa kichwa ukiloweke kwenye spiriti safi dakika 20, na safari ijayo tumia chupa ya kupaka yenye kigololo. Harufu ya plastiki: umetumia chupa ya plastiki. Kioo hakina mbadala.

Mahali na kiasi

Vichwa vingi vya kupulizia hutoa kati ya mililita 0.07 na 0.1 kwa mpulizo. Chupa ya 30 ina mipulizo isiyopungua 300 hivi, ambayo kwa mitatu kwa siku ni zaidi ya miezi mitatu. Ukimaliza mapema kuliko hapo, tatizo si chupa.

Shika chupa sentimita 15 hadi 20 kutoka mwilini. Kifuani chini ya shati, mmoja. Nyuma ya shingo, mmoja. Ndani ya kiwiko, mmoja, kama siku ni ndefu. Viganja na vifundo vya mikono vipite: hapa vinaoshwa mara kumi kwa siku kwa sababu ya vumbi. Usisugue sehemu uliyopulizia. Unaongeza joto na kuuharakisha mwanzo ambao tayari ni mfupi.

Anayepanda bodaboda aachane na shingo, upepo wa barabarani utaimaliza kabla ya Nzuguni. Apulize kifuani chini ya nguo, na mmoja ndani ya bitana ya koti. Anayepanda treni ya SGR kwenda Dar au basi lenye kiyoyozi apulize mmoja tu, nusu saa kabla ya kupanda. Behewa limefungwa, hewa ni ya wote, na jirani yako hana pa kushukia.

Kitambaa kinashika harufu kuliko ngozi, na kwenye miezi ya kiangazi tunakipendelea. Kitenge na khanga za pamba hupokea vizuri. Hariri, satini na kanzu nyeupe zinaogopesha: mafuta ya udi na marashi yenye vanila huacha doa la kahawia. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, subiri likauke.

Ukitaka kuongeza mchana, beba chupa ndogo ya mililita 5 na uongeze mmoja saa nane, baada ya kufuta shingo kwa kitambaa chenye maji. Kupuliza juu ya jasho na vumbi ndiko kunakogeuza kunukia kuwa kunuka.

Udi chini, marashi juu

Kwa sherehe, nguo zifukizwe kabla. Washa makaa hadi yawe mekundu na kufunikwa na jivu jeupe. Makaa mabichi yatakupa harufu ya jikoni. Weka kwenye chetezo kipande cha udi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, au kijiko kidogo cha udi wa kupika. Tundika nguo juu ya tenga au kiti, nusu mita kutoka kwenye moto, dakika tano hadi kumi. Moshi ukigeuka mweusi na kuchoma macho, udi umeungua: ondoa, ongeza jivu juu ya kaa. Acha dirisha wazi kidogo, na mwenye pumu akae chumba kingine.

Marashi ya kupuliza yaje baada ya chetezo kutolewa chumbani. Hili si suala la ladha, ni suala la moto. Juu ya udi hukaa vizuri waridi, zafarani au miski. Ndimu juu ya udi inapotea, na vanila juu ya udi wa kupika, ambao tayari una sukari, inazidi.

Kutunza

Vitatu vinaua marashi: joto, mwanga na hewa. Chumba cha bati bila dari mchana wa Oktoba ni tanuri, na dashibodi ya gari ni mbaya zaidi. Weka chupa ndani ya boksi lake, chini kabisa ya kabati, ukutani upande usiopigwa na jua la magharibi. Bafuni siyo mahali pake. Chupa iliyobaki robo ina hewa nyingi ndani, imalize badala ya kuitunzia harusi ya mwakani.

Rangi kuwa nyeusi zaidi si lazima iwe uharibifu: marashi yenye vanila hukolea rangi yenyewe kadiri muda unavyopita. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha pale mwanzoni ndiyo dalili. Ikiondoka baada ya dakika kumi, bado yanafaa kwenye nguo. Isipoondoka, basi.

Feki hutambulika zaidi kwa vitu vidogo kuliko kwa bei. Namba ya toleo chini ya boksi ilingane na iliyo chini ya chupa. Mrija wa ndani uwe mwembamba, usiojikunja chini. Mpulizo uwe ukungu mwembamba, usiwe matone. Karatasi ya nailoni ya nje iwe imekaza, mikunjo yake imeshikwa sawasawa.

Siku za kuacha chupa nyumbani

Hospitalini, iwe unaenda kuuguza au kufanya kazi: mgonjwa mwenye kichefuchefu na mwenye pumu hawana pa kukimbilia. Jikoni kwa mama lishe. Kwenye kuonja mvinyo wa zabibu za hapa, kwa sababu nusu ya kazi ya kuonja ni pua, na marashi yako yanaziba za wengine pia.

Na kwenye mizinga. Wanaorina asali Manyoni, Itigi na kwingineko Singida wanapaswa kuoga kwa sabuni isiyo na harufu na kuvaa nguo zisizofukizwa. Nyuki anapochoma hutoa kemikali ya kuwaita wenzake, na sehemu kubwa ya kemikali hiyo ndiyo ileile inayonukia kama ndizi mbivu na kutumika kwenye manukato na pipi zenye harufu ya ndizi. Nguo iliyopulizwa jana inaweza kuwa bado na harufu. Kwa safari ya porini toa shati kutoka kwenye kabati jingine, siyo lile lenye karafuu.